Maswali ya Wasomaji: Wanaoishi Penye Theluji Huionaje?

Barua za mwezi huu zimejaa theluji. Tumechagua zile zinazouliza wakazi wa nchi za baridi kali wanavyoishi nayo na wanavyoiona.

Kwenye picha wanaifurahia, lakini ukizungumza nao wanalalamika. Tuamini kipi?

Amini vyote viwili, kwa sababu hawaizungumzii theluji ileile. Mkazi anapochungulia dirishani asubuhi, hutazama mambo matatu kabla hajaamua kama imempendeza: ni kavu au imelowa, kuna upepo au hakuna, na huu ni mwezi gani.

Theluji kavu iliyoanguka usiku mtulivu wa Desemba, kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri, karibu kila mtu huipokea kwa moyo mkunjufu. Ni nyepesi, hufagiliwa kwa ufagio wa kawaida, haing'ang'anii viatu. Tena zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa, kwa hiyo hunyonya sauti na mtaa mzima hutulia. Iliyolowa, inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri, hupendwa zaidi na watoto. Hiyo ndiyo inayofinyangika ikawa sanamu, maana kavu humeng'enyeka mkononi.

Kisichopendwa na yeyote ni mvua kunyesha juu ya theluji, kisha usiku baridi ikarudi. Barabara na vijia hugeuka barafu tupu, na wazee hujifungia ndani kwa kuogopa kuvunjika nyonga. Kwa Wasami wa kaskazini mwa Norwe, Uswidi na Ufini wanaofuga reindia, wanyama wa jamii ya kulungu, hiyo ni hasara kubwa. Maji hupenya kwenye theluji na kuganda yakawa tabaka gumu. Reindia, ambao kwa kawaida huchimba kwa kwato na kufikia malisho yaliyo chini, hushindwa kulivunja. Mfugaji hana budi kuwanunulia chakula au kulihamisha kundi zima.

Mwezi nao una uzito wake. Theluji ya kwanza hungojewa kwa hamu; ya Aprili huchosha hata ikiwa safi na kavu, kwa sababu watu walikwisha kuiaga. Wakati huo huibuka takataka zilizofunikwa miezi kadhaa, pamoja na mchanga uliomwagwa njiani ili watu wasiteleze. Helsinki, vumbi la mchanga huo huchafua hewa kila majira ya machipuko hadi mitaa ioshwe.

Kwenye miji inayopata mita kadhaa za theluji, kina hicho hakiwatishi watu?

Kina peke yake hakiwatishi sana, mradi mji umejipanga. Sapporo, jiji la Japani lenye watu wanaokaribia milioni 2, hupokea karibu mita 5 kwa msimu, lakini shule hufunguliwa na treni za chini ya ardhi huendelea na safari. Theluji hiyohiyo wameifanyia tamasha la sanamu tangu 1950. Nagaoka, mji mwingine wa Japani, walitandaza kwenye barabara mabomba yanayorusha maji ya chini ya ardhi. Kwa kuwa maji hayo hutoka yakiwa na uvuguvugu, huiyeyusha theluji kabla haijarundikana.

Upepo ndio wa kuogopwa. Tazama Buffalo, Marekani, mwaka 2022. Novemba, hewa baridi ilipita juu ya Ziwa Erie ambalo maji yake yalikuwa bado na joto. Ilibeba mvuke na kumwaga karibu mita 2 za theluji kwenye vitongoji vya kusini, na kazi kubwa ikawa kuizoa. Desemba ilianguka pungufu ya hapo, lakini ikaja na upepo mkali uliofanya mtu asione hatua chache mbele, na baridi ikazidi. Zaidi ya watu 40 walikufa: wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine nyumbani baada ya umeme kukatika, na wengine kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kuwafikia. Ndiyo maana mkazi mzoefu akisikia utabiri wa dhoruba huuliza kwanza kasi ya upepo, sentimita baadaye.

Ndugu mhariri, kuzoa theluji mlangoni ni kazi ya namna gani hasa? Mbona wanailalamikia kuliko baridi yenyewe?

Wacha hesabu ijibu. Chukua njia ya gari yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 10, imefunikwa sentimita 20. Theluji kavu ina uzito wa kilo 70 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo unahamisha kilo 560. Iliyolowa hufika kilo 250 kwa mita ya ujazo: njia hiyohiyo, kina kilekile, sasa ni tani 2. Na kazi hiyo inafanywa kabla ya kwenda kazini, kwenye giza, na huenda ikarudiwa jioni.

Wanaoijua kazi hawasubiri theluji iishe kuanguka. Hutoka kila inapofika sentimita 10, wakasukuma badala ya kuinua. Koleo la kusukumia ni pana na limejikunja. La kuinulia ni dogo, kwa sababu koleo pana likijaa theluji iliyolowa hushinda mgongo. Kabla ya kuanza, paka nta ya mshumaa kwenye bapa lake ili theluji isigande hapo. Ukilazimika kuinua, piga magoti, bana koleo karibu na mwili, na geuza miguu yako uelekee unakotupa. Anayezungusha kiuno akiwa na mzigo ndiye anayeamka kesho yake hawezi kuinama.

Kisha linapita gari la manispaa la kusukuma theluji na kuacha tuta zito mbele ya njia uliyokwisha kusafisha. Hakuna kinachokera kama hiki. Tuta hilo limeshindiliwa, lina chumvi na vipande vya barafu, na likiachwa usiku mmoja huwa gumu la kupasuliwa kwa chuma. Dawa yake ni kusafisha, kando ya barabara, nafasi ya mita 3 hivi upande ule gari linakotokea. Gari likifika hapo humwaga mzigo wake kwenye nafasi hiyo, na mlangoni kwako huacha kidogo.

Lililo zito zaidi ya yote ni moyo. Baridi hubana mishipa ya damu, mikono inafanya kazi ngumu ghafla, na mtu huzuia pumzi anapoinua. Shinikizo la damu na mapigo hupanda kwa pamoja, na kila msimu wapo wanaopata mshtuko wa moyo wakiwa na koleo mkononi. Mwenye ugonjwa wa moyo asiishike kazi hii kabisa. Wengine wapashe mwili joto ndani kwanza, wasianze tumbo likiwa limejaa, wapumzike kila baada ya dakika 15, na wakihisi kifua kinabana waache hapohapo na kuita msaada.

Na iliyo juu ya paa?

Theluji iliyokaa na kushikana ina kilo 250 hadi 300 kwa mita ya ujazo. Mita moja ya theluji hiyo juu ya paa la mita za mraba 80 ni tani 20 au zaidi. Sehemu za Japani zenye theluji nyingi watu hupanda kuishusha, na hapo ndipo hatari ilipo: msimu wa 2005 hadi 2006 zaidi ya watu 150 walikufa nchini humo kwa ajili ya theluji, wengi wao wazee waliokuwa wakiishusha kutoka paani au kuizoa. Usipande peke yako. Ngazi ifungwe, kamba ya usalama ifungwe mahali imara, kofia ngumu ivaliwe, na siku joto likipanda ahirisha, maana theluji huachia kwa mkupuo na kumbeba aliye juu na kumfukia aliye chini.

Ukiona barafu nene inaning'inia ukingoni mwa paa, kosa liko darini. Joto la nyumba linavuja, linayeyusha theluji kwa chini, maji yanatiririka hadi ukingoni penye baridi na kuganda. Yanayofuata hukosa njia na kurudi chini ya vigae. Kugonga barafu kwa nyundo huharibu vigae tu. Ziba mianya ya dari na ongeza kizuizi cha joto.

Basi msimu usio na theluji si ndio raha?

Wengi wao huuona msimu huo kuwa mbaya zaidi, na sisi tunawaelewa. Tromsø, Norwe, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo mwezi, taa za barabarani na ule mwanga hafifu wa adhuhuri hutosha kumulika mji. Ardhi ikiwa tupu, mwanga wote humezwa na matope, na giza huonekana refu maradufu.

Kuna na hasara isiyoonekana. Hewa iliyomo ndani ya theluji hukinga ardhi isipoteze joto. Bila blanketi hilo baridi huzama chini zaidi, ikagandisha mabomba ya maji na kuua ngano iliyopandwa kabla ya majira ya baridi. Na milimani, theluji ndiyo akiba ya mito kwa miezi ya kiangazi.

Kwa wenye magari, kitu gani husahaulika?

Matairi, kwanza. Québec, Kanada, sheria hudai matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, lakini ajali hutokea siku ya theluji ya kwanza, inapowahi tarehe. Pili, theluji ya juu ya gari: ukifunga breki huteleza na kufunika kioo cha mbele. Tatu, bomba la ekzosi. Gari lililofukiwa lisiwashwe kabla bomba halijafukuliwa, kwa sababu moshi wenye kaboni monoksidi hurudi ndani na hauna harufu ya kukuonya. Chumvi ya barabarani nayo msiitegemee kupita kiasi: baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri hufanya kazi polepole mno, na ikikaribia nyuzi 21 haiyeyushi chochote. Hapo hutumika mchanga, ambao hauyeyushi barafu ila huyapa matairi pa kushika.