Hesabu Milango Kwanza: Kwa Wanaoanza Kuandika Filamu za Taharuki Mombasa

Skripti nyingi ninazoletewa na vijana wanaoanza zina mama mgonjwa. Mama yuko wodini, hospitali inataka pesa, kijana wa Majengo au Mikindani hana kitu, anakutana na tajiri wa dawa za kulevya, na kufika ukurasa wa kumi amebeba begi asilojua lina nini. Mama huyo namhurumia, ila naona wazi ameletwa ili mhusika asilaumiwe. Mtazamaji anamsamehe kijana kabla hajatenda kosa, na akishasamehewa hakuna tena cha kuogopa. Filamu ya taharuki ya kisaikolojia inaishi kwenye lawama. Mtazamaji akae pale akijiuliza mimi ningefanya nini, na jibu lisimpendeze.

Kwa hivyo kabla ya onyesho la kwanza, hesabu milango, yaani kila njia inayoweza kumtoa mhusika kwenye shida. Hapa kwetu mtu hakwami hivi hivi. Ana mjomba Kisauni, ana chama cha akiba cha mamake, ana imamu au mchungaji, ana kundi la WhatsApp la mtaa ambako mchango hufunguliwa usiku na asubuhi pesa zimeanza kuingia kwa M-Pesa. Mtazamaji wa Mombasa anaijua milango hii yote. Asipoona mhusika akiibisha, atamwona mjinga tu, na dhiki yake haitamgusa. Kila mlango ama aujaribu ufungwe, ama auache kwa sababu inayomhusu yeye mwenyewe. Sababu yenye nguvu kuliko zote kwetu ni fedheha. Mtu aliyechangiwa na mtaa mzima mwaka jana kwa matibabu, kisha pesa akazitia kwenye kamari ya simu, hawezi kurudi kwa watu wale wale. Huyo sasa ana hadithi. Mjomba yupo, mlango uko wazi, lakini miguu haimpeleki.

Barabara nazo ni milango. Ukimkwamisha mhusika mwenye gari kwenye foleni ya feri Likoni, mtu wa Mtongwe atakuuliza mbona hakuzungukia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri. Ukisema hana nauli ya kuvuka, watakucheka: anayevuka kwa miguu halipi.

Kuna kesi moja ambayo nataka kila anayeanza aijue. Mwaka 1884 chombo cha Kiingereza kiitwacho Mignonette kilizama Atlantiki ya Kusini kikielekea Australia. Wanne walibaki kwenye kidau kidogo: nahodha Tom Dudley, msaidizi wake Edwin Stephens, baharia Edmund Brooks, na kijana wa miaka 17, Richard Parker. Maji ya kunywa hawakuwa nayo, na chakula kilikuwa makopo mawili. Wiki zilipopita, Parker akiwa hoi kwa kunywa maji ya bahari, Dudley alimuua kwa kisu, Stephens akiridhia, na wote watatu wakamla. Siku chache baadaye meli ya Kijerumani iliwaokoa. Mahakamani, utetezi ulikuwa kwamba walilazimika. Majaji walikataa kwamba dhiki inaweza kuhalalisha kuua mtu, Dudley na Stephens wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita.

Wanaoanza wote humkimbilia Dudley, kwa sababu ana kisu. Mimi nawaelekeza kwa Brooks. Brooks hakukubali kijana auawe. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa, akawa shahidi. Lakini nyama alikula. Huyo ndiye mtu wa filamu za namna hii: mikono yake ni safi, tumbo lake si safi, na sheria haina la kumuuliza. Mlete Mombasa. Mlinzi wa godauni Shimanzi anaambiwa usiku huu asizunguke upande wa nyuma kwa dakika ishirini. Hakuiba, hakufungua lango. Alfajiri mwenzake wa zamu haonekani, na kwenye simu ya mlinzi wetu kumeingia pesa. Azirudishe? Kwa nani? Mke wake ameshaziona. Mfa maji haachi kutapatapa, walisema wazee. Kazi yako mwandishi ni kutuonyesha katika kutapatapa huko anamshika nani.

Sasa tisho. Vijana huandika mkopeshaji anayegonga meza na kutukana. Mtu hatari wa Pwani hana haja ya kupaza sauti. Atapiga hodi, atavua viatu mlangoni, atakubali kahawa, ataulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, na yule mdogo atamtaja kwa jina pamoja na shule anayosoma. "Mimi sina haraka, mwanangu. Nilipita tu kumjulia hali mamako." Mwenye nyumba hawezi kumfukuza, maana hajavunjiwa adabu, kumfukuza mgeni ndiko kungekuwa utovu. Onyesho kama hili halihitaji muziki wala damu. Linahitaji mwigizaji anayejua kunywa kahawa polepole. Na tafadhali, usimpe Kiswahili cha taarifa ya habari wala sheng ya Nairobi. Mwache aseme Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, na ikibidi kaa naye muandike mistari upya pamoja.

Pa kupiga picha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, mita tatu au pungufu. Ukiwaweka watu wawili mle, mmoja lazima aombe njia ndipo atoke. Hakuna seti ya kujengwa itakayokupa hofu hiyo kwa bei hiyo. Shida ni sauti: misikiti ni mingi na adhana ni mara tano, basi panga ratiba kuizunguka. Usije ukaigeuza adhana kuwa kionjo cha kutisha, watu watakasirika na haki wanayo. Pia kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje lenzi huvaa ukungu. Itoe mapema ikiwa mfukoni mwake, ipate joto taratibu.

Makaratasi kwa ufupi. Leseni ya kurekodi hutolewa na bodi ya kuainisha filamu, KFCB, chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya, na kazi ikikamilika hurudi kwao kupewa daraja la watazamaji: GE (watu wote), PG (watoto kwa mwongozo wa mzazi), au umri wa kuanzia miaka 16 au 18. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo ruhusa yake ni kando. Bandarini na kwenye feri usitoe kamera bila kibali. Mzee wa mtaa naye mwone, hata kama karatasi zote unazo.

Ukimaliza kuhariri, wenzako wa filamu wasubiri. Waite kina mama na mashangazi wa mtaani, sebuleni, taa zikiwaka. Wao huongea na skrini. Wakisema "si ampigie mjombake!", andika dakika yenyewe, kuna mlango hukuufunga. Wakianza kubishana wao kwa wao, mmoja akisema angezila pesa zile na mwingine akimkemea, sehemu hiyo usiipunguze hata sekunde.