Kibali chako kinaishia mpakani: kwa madereva wapya wanaobeba bastola

Juzi saa tano usiku simu ikaita. Ni kijana wetu mmoja, Mkongo, ana miezi minne tu kwenye lori. Yuko Gary, Indiana, dakika kumi kabla hajaingia Illinois. "Mukubwa, permi ya Ohio inapita Chicago?" Nikamuuliza bastola iko wapi. Kiunoni. Risasi je? Ndani, na moja chemba.

Mwaka huu ni mara ya tatu naulizwa swali hilo na mtu ambaye tairi la mbele limeshakanyaga jimbo la pili. Nawapenda, wadogo zangu, lakini na mimi nalala. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayenipigia tena usiku nitamtumia hii nirudi kulala.

Jinsi ya kupata kibali sielezi. Zile saa nane za darasa la Ohio mmekaa, shabaha mmepiga. Nazungumza na mtu ambaye tayari anabeba, na kazi yake ni kuvuka majimbo.

1. Kibali si leseni ya udereva. Hapa ndipo wote tunapoangukia. CDL, ile leseni ya lori, ya Ohio ukiionyesha California inakubalika, ukiionyesha Maine inakubalika, basi akili inazoea kwamba kadi ya serikali ni kadi ya serikali. Kibali cha bastola hakiendi hivyo. Kila jimbo linachagua lenyewe litambue cha nani, na wala si lazima iwe pande zote mbili: wewe waweza kumtambua mwenzio, yeye asikutambue. Ule mswada wa kulazimisha majimbo yote yatambuane ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2017, Seneti haikuupitisha. Mzee yeyote wa kituo cha mafuta akikwambia "siku hizi ni nchi nzima", mnunulie kahawa, mshukuru, usimfuate.

2. New York, New Jersey, Maryland, Massachusetts, Connecticut, California, Oregon: hawa hawatambui kibali cha mgeni yeyote. Illinois pia hawatambui, ila wana mlango mdogo. Kama kwenu unaruhusiwa kubeba, unaweza kukaa nayo imefichwa ndani ya gari. Ukishuka, inabaki, na gari au sanduku lake linafungwa. Ndicho nilichomjibu yule wa Gary. Akasema, "Kwa hiyo naweza kwenda nayo chooni?" Nilikata simu kidogo nipumue, halafu nikampigia.

Orodha hubadilika. Soma ukurasa wa mwanasheria mkuu wa jimbo unalokwenda, usome siku unayopewa mzigo. Picha uliyotumiwa na binamu yako mwaka juzi haihesabiki.

3. Maryland. Hii nilikuwa siisemi, hata nyumbani haikutajwa kwa muda mrefu.

Ilikuwa Novemba 2019. Nina kibali cha mwaka mmoja na nusu na kichwa kimevimba. Jumapili tukichoma nyama mimi ndiye niliyekuwa nafundisha wenzangu sheria, mguu juu ya kiti, chupa ya soda mkononi. Dispacha, yule anayetugawia mizigo, akanipa trela la friji lenye jibini, paundi 40,000, kutoka Columbus kwenda Jessup, Maryland. Nikaondoka saa tatu usiku, bastola kiunoni upande wa kulia, ndani ya ala mpya ya ngozi iliyokuwa bado inalialia nikikaa.

Sasa tazameni njia yenyewe. Nimeshika I-70 mashariki. Ohio, kibali ni chao, sawa. Wheeling, nikaingia West Virginia, wale mtu mzima wa miaka 21 hata hawamdai kibali, sawa. Pennsylvania, bila kibali huruhusiwi kuwa nayo kwenye gari, lakini cha Ohio wanakikubali, sawa. Nikasimama kwenye zile taa za Breezewood, mahali ambapo barabara kuu inageuka uchochoro wa hoteli na vituo vya mafuta, nikanunua chai, nikatembea nayo kiunoni kama mwenyeji. Majimbo matatu usiku mmoja, sheria tatu, na mimi sina kosa hata moja. Kisha nikateremka kuelekea Hancock. Pana kibao cha kukukaribisha Maryland. Nilikisoma. Nakumbuka kabisa kwamba nilikisoma.

Nilipopita Frederick mizani ilikuwa wazi. Taa ikaniambia niingie. Afisa akaja dirishani, kijana mpole tu, akaomba leseni na karatasi za mzigo. Hapo ndipo darasa la Ohio liliponiponza. Wakati ule sheria yetu ilikutaka umwambie polisi mara moja, kabla hajakuuliza, kwamba umebeba. Mwalimu alitufanyisha zoezi hilo mpaka likatuingia kama sala. Kwa hiyo mikono yote miwili juu ya usukani, nikasema kwa sauti safi: "Afande, nina kibali cha kubeba, na silaha iko kiunoni upande wa kulia."

Hakuwa ameniuliza. Angalieni vizuri hapo. Alitaka karatasi za jibini.

Akaniomba kadi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta tarehe kwenye kopo la maziwa. "Hii ni ya Ohio." Nikasema ndiyo, afande. "Hapa ni Maryland." Nikasema ndiyo, afande. Na bado sikuelewa! Nilidhani ananisomea jiografia. Nilikuja kuelewa aliponiomba nishuke polepole na mwenzake akaja kwa nyuma.

Pingu ni baridi, hilo mmelisikia. Msilolisikia ni habari ya mkanda. Walinivua mkanda pamoja na ile ala, na suruali niliyokuwa nimevaa nilinunua kubwa namba moja ili bastola ienee. Basi usiku kucha nimeshika suruali kwa mkono wa kushoto, mtu mzima, baba wa watoto wawili. Nilipotolewa pale mizani niliisikia injini ya friji ikinguruma nyuma yangu, na nilichokuwa nawaza, wallahi, ni kwamba tangi la friji lina mafuta nusu.

Kosa lenyewe wakati huo lilibeba hadi miaka mitatu, baadaye wameongeza. Asubuhi nikapelekwa mbele ya kamishna wa mahakama, nikatoka kwa dhamana. Mke wangu alikuwa ameshapiga simu kila mtu tunayemjua. Mama kule Tanga nilimwambia lori limeharibika. Akaniuliza limeharibika nini. Nikasema breki. Mpaka leo akinipigia husema, "Mwanangu, angalia breki."

Jibini lilifika siku mbili baadaye na dereva mwingine, likakataliwa. Kampuni ikanifukuza, na ilikuwa na haki: ukurasa wa kumi na kitu wa mkataba ulikataza silaha yoyote ndani ya lori, na chini yake kuna sahihi yangu nzuri kabisa.

Hayo yote yalipona. Lililokaribia kutopona ni grini kadi. Wakili wa jinai alikuwa na furaha, aliniletea makubaliano: kiri, lipa faini, nenda nyumbani. Nilikuwa tayari kusaini. Shemeji yangu ndiye aliyeng'ang'ania nimwone kwanza wakili wa uhamiaji. Yule mama akasoma karatasi, akavua miwani, akasema: ukisaini hii umejikatia tiketi. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kubeba au kumiliki bunduki kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Haijali faini ilikuwa ndogo, haijali kadi una miaka ishirini nayo. Akanitajia kesi ya Padilla, Mahakama Kuu ya Marekani, 2010: mtu mwenye grini kadi, mzaliwa wa Honduras, aliyepigana Vietnam, alikiri kosa la bangi baada ya wakili kumwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji. Mahakama ikasema wakili ana wajibu wa kukueleza hatari hiyo. Mnajua Padilla alikuwa anafanya kazi gani? Dereva wa trela.

Tulikataa kukiri. Miezi ikapita, tarehe zikaahirishwa, kila moja ni safari ya kwenda na kurudi bila malipo. Mwisho waliiweka kesi kando bila mimi kukiri, kule wanaiita stet. Mawakili wawili walikula dola 9,000 na ushee. Bastola sikuiona tena. Na fomu ya uraia inakuuliza kama umewahi kukamatwa, hata kama hukutiwa hatiani, kwa hiyo hadithi hii nimeisimulia tena mbele ya afisa, kwa Kiingereza, na suruali nikaiacha.

4. "Lakini bro, kuna ile sheria ya 1986." Ipo. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kupita jimbo kali ukitoka mahali unaporuhusiwa kwenda mahali unaporuhusiwa. Bunduki haina risasi, wala bunduki wala risasi haifikiki kutoka ulipokaa, na kwa gari lisilo na buti kama letu, iwe ndani ya sanduku lenye kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakihesabiki. Sasa pima usiku wangu wa Maryland: risasi ndani, iko kiunoni, na mwisho wa safari ni Jessup. Isingenisaidia kwa lolote.

Tena kuna jambo dereva analisahau. Sheria ile inamlinda anayepita, na wewe baada ya saa 11 za usukani unatakiwa kupumzika kwa muda wa saa 10. Mwaka 2005 abiria mmoja alikosa ndege ya kuunganisha Newark, akachukua begi lake lenye bastola akalala nalo hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani akakamatwa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema usiku ule begi lilikuwa mkononi mwake, ulinzi haukumfikia. Alikuwa hotelini. Wewe unalala futi tatu kutoka kwenye sanduku.

5. Kibali cha Utah au Florida cha asiye mkazi, kile mnachouziwa kwamba kinafungua nchi nzima. Kinafungua majimbo mengi, ni kweli. Lakini Michigan, Colorado, na Florida yenyewe kwa vibali vya majimbo mengine, wanatambua kibali cha mkazi tu, kilichotolewa na jimbo unaloishi.

6. Majimbo 29 sasa, Ohio likiwamo, hayadai kibali. Chukua kibali hivyo hivyo. Pennsylvania haina habari na uhuru wa Ohio, na sheria ya shirikisho inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni humsamehe mwenye kibali cha jimbo lile lile tu. Vermont haijawahi kutoa vibali kabisa, kwa hiyo Mvermonti akitoka kwao hana cha kumwonyesha mtu.

7. Risasi nazo zina uraia. Zile zenye tundu kichwani ni kesi yake yenyewe New Jersey. Magazini: New Jersey na New York mwisho risasi 10, Colorado 15. Na New Jersey wasiwachekeshe. Kule kubeba bila kibali chao ni miaka mitatu na nusu bila msamaha wa mapema. Mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alivuka mto mwaka 2013 akamwambia polisi ukweli kama mimi. Ilibidi gavana amsamehe, 2015.

8. Kumwambia polisi: Michigan na North Carolina unasema mwenyewe mara moja. Ohio tangu 2022 unajibu ukiulizwa. Ndiyo, walibadilisha miaka mitatu baada yangu.

9. Posta hapana, hata maegesho yake. Kambi ya jeshi hapana. Daraja la Detroit kwenda Kanada hapana, hapana, hapana. Mwenye viza ya mwanafunzi asiguse kabisa bila wakili. Anayevuta bangi pia, hata kama jimbo lake linaiuza dukani, serikali ya shirikisho haijaisamehe. Na hakuna sheria ya uchukuzi inayomkataza dereva wa lori silaha. Kinachokukataza ni mkataba wako, ambao najua hujausoma.

Yule wa Gary alinipigia tena jana, safari hii mchana, nampongeza. Amepewa mzigo wa Elizabeth, New Jersey. Anauliza kama sanduku la namba linatosha au lazima liwe la ufunguo. Nikamwambia aiache nyumbani, Columbus, kabatini, amkabidhi mkewe ufunguo. Akanyamaza kidogo.

"Sawa, mukubwa. Na panga?"