Ibrahimu alihesabiwa haki lini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kama Mkristo huhesabiwa haki kwa imani, matendo mema yanabaki na kazi gani?" Kuhesabiwa haki ni kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki. Mimi jibu nalipata katika umri wa Ibrahimu, jambo ambalo mahubiri mengi huliruka.

Katika Mwanzo 15 mzee hana mtoto. Anatolewa nje, anaonyeshwa nyota, anaambiwa ndivyo uzao wake utakavyokuwa. "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Wakati huo Ishmaeli bado hajazaliwa. Sura ya 16 inasema Ishmaeli alizaliwa baba yake akiwa na miaka 86, na sura ya 17 inasema Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99. Piga hesabu: kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa ilipita si chini ya miaka 13. Paulo aliishika hoja hiyo katika Warumi 4. Anauliza, alihesabiwa haki akiwa ametahiriwa, au kabla? Kabla. Tohara ilikuja baadaye, kama muhuri wa jambo lililokwisha kuwapo. Waliokuwa wakiwaambia waamini wa mataifa kwamba bila tohara hawajakamilika walinyang'anywa hapo shahidi wao mkubwa.

Lakini Yakobo, yule mwenye waraka katika Agano Jipya, je? "Mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Naye anamtaja Ibrahimu huyo huyo, ila anachukua tukio la Mwanzo 22, Isaka juu ya madhabahu. Isaka huyo ameshakuwa mkubwa wa kubeba kuni mlimani, maana yake ile ahadi ya nyota imekwisha kuzeeka. Paulo anaeleza mtu anavyokubaliwa na Mungu. Yakobo anamtazama aliyekwisha kuamini na kumuuliza imani yake iko wapi. Wanaomkera ni wale wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala chakula, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," kisha wasimpe kitu. Hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, anasema, na wanatetemeka. Mwaka 1522 Martin Luther aliuita waraka huu wa majani makavu, yaani usio na uzito. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na nadhani hapo baba yetu alikuwa na haraka.

Kwa hiyo matendo yana kazi kubwa, lakini yanakuja baada. Tukiyatanguliza tunaharibu yote mawili. Nimekaa kwenye misiba ambako kabla ya kuuliza marehemu aliishi vipi, wanaulizana kama bahasha zake za ahadi, yaani michango aliyoahidi kanisani, zimekamilika. Najua kanisa halijengwi kwa maombi matupu. Saruji inanunuliwa, wainjilisti wanalipwa. Lakini mjane akianza kuamini kwamba mume wake anapokelewa mbinguni kwa risiti, tumemrudisha kwenye tohara. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 hakuwa na la kuonyesha. Alijipiga kifua tu, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Mfarisayo aliyetoa zaka ya mapato yake yote hakurudi nayo.

Tusidhani pia kwamba hili ni la Walutheri peke yetu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba matendo mema hufuata kuhesabiwa haki, nayo ni matunda yake. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zilizobaki si ndogo, lakini jambo lililowagawa watu tangu karne ya 16 lilipata maneno ambayo pande zote waliweza kuyatamka.

Mume wangu ni Mkatoliki, na kwa hili tunakubaliana kabisa. Kuhusu toharani, yaani kule Wakatoliki wanakosema roho husafishwa kabla ya kuingia mbinguni, bado tunabishana. Mkiiuliza wiki ijayo, tutawaandikia wote wawili.