Re: Mkojo wa ng'ombe hauvuti mbung'o kwenye mtego

Habari mkuu. Umesema mkojo umeukinga jana, leo umeuweka kwenye mtego, mbung'o hawaji. Kwanza angalia umri wake. Mkojo mbichi hauna nguvu. Bakteria wanahitaji muda kuziachia fenoli, yaani kemikali zenye harufu, na hizo ndizo zinazowavuta mbung'o.

Mimi naufungia kwenye dumu, kivulini, wiki 3 hivi, mpaka uwe mweusi kama chai ya rangi iliyokolea na harufu ikukate pumzi ukifungua kifuniko. Usiongeze maji hata kidogo! Kule Nguruman, Kenya, waliutumia pamoja na asetoni (kimiminika chenye harufu kali) kwenye mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi. Chupa ya mkojo ikae chini, jirani na mtego.

Nimewanasa wa porini tu, wa kando ya mto sijawajaribu. Wako ni wa wapi?