Usahihi wa asilimia 95 bado si sababu ya kununua

Umeuliza kwa nini hospitali zinasita kununua programu ya akili mnemba ya kusoma picha za eksirei wakati usahihi wake ni asilimia 95. Piga hesabu kwanza. Chukua watu 1,000, wagonjwa wakiwa 10. Programu inawagundua 9 kati ya hao 10, na inawadhania wagonjwa kimakosa asilimia 5 tu ya wazima 990, yaani watu kama 50. Usahihi wa jumla ni hiyohiyo 95, lakini kati ya 59 watakaoitwa kurudi, wagonjwa wa kweli ni 9. Hao wengine nani atawapima upya, na kwa vifaa gani? Mipango mingi hukwama hapo.

Halafu 95 ni wastani tu. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa picha ya uso: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika 34.7. Muuzaji akutajie matokeo kwa umri, jinsia na aina ya mashine, akikwepa, mwache.

Mkishapata hayo, ijaribuni kwa picha mia kadhaa za zamani ambazo majibu yake mnayajua, kisha ifanye kazi sambamba na daktari, daktari asione jibu la programu kabla ya kuandika lake. Mkibadilisha mashine ya eksirei, rudieni kipimo chote. Usahihi unaweza kushuka na programu isitoe onyo lolote.