Kinyama kwenye mfuko wa nyongo: wasomaji wanauliza

*Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Nkuhungu. Nilikwenda kupima altrasaundi kwa sababu ya kiungulia kisichoisha. Ripoti inasema nina polipi tatu kwenye mfuko wa nyongo, kubwa kuliko zote ina milimita 4. Jirani ananiambia hiyo ni saratani inaanza. Pia nimeshauriwa kunywa mafuta ya alizeti na limao ili zitoke. Naomba msaada.*

Pole kwa hofu, dada. Polipi ni kinyama kilichoota kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa nyongo, na katika kila watu wazima 100 wanaopimwa, takriban 5 hukutwa nacho. Nyingi kati ya hizo si uvimbe wa kweli. Ni kolesteroli iliyojikusanya chini ya utando ikausukuma kwa ndani, na hiyo haigeuki kuwa saratani. Hata idadi yake inakupa nafuu: polipi za kolesteroli mara nyingi huwa kadhaa, wakati adenoma, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kugeuka saratani, mara nyingi huwa moja.

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 unasema polipi isiyozidi milimita 5, kwa mtu asiye na kihatarishi, haihitaji kufuatiliwa. Vihatarishi ni umri wa zaidi ya miaka 60, asili ya Asia, ugonjwa wa makovu yanayobana mirija ya nyongo, na polipi isiyo na shina, ikiwamo sehemu ya ukuta iliyonenepa kupita milimita 4. Ukiwa na kimojawapo, rudia altrasaundi baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2, basi.

Polipi ndogo hivyo haileti kiungulia, kwa hiyo usiache kutafuta chanzo chake, ikiwa ni pamoja na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Mafuta na limao tunakusihi uyaache. Mabonge ya kijani yanayoonekana chooni baadaye ni mafuta yenyewe yaliyoganda kama sabuni tumboni. Polipi imeshikana na ukuta, na hakuna kinywaji kinachoing'oa.

*Nina miaka 58, niko Kondoa. Ripoti ya kwanza ilisema polipi moja ya milimita 9. Miezi miwili baadaye, hospitali nyingine, ikaandikwa 12. Daktari mmoja anataka nifanyiwe upasuaji, mwingine anasema nitafutiwe kwanza endoskopi yenye altrasaundi. Kipimo hicho kinaona nini ambacho hiki cha juu ya tumbo hakikioni?*

Mzee wetu, kabla ya kufika huko, rudia altrasaundi ya kawaida kwa utaratibu unaotakiwa. Kaa saa 6 hadi 8 bila chakula. Maji matupu yanaruhusiwa. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa kinatosha kuufanya mfuko usinyae, ukuta ukajikunja, na kunjo hilo likapimwa kama polipi. Mpimaji akugeuze ubavu wa kushoto, kisha akuketishe au kukusimamisha. Jiwe huhama na huacha kivuli cheusi nyuma yake. Tope zito la nyongo nalo huteleza, ila taratibu sana, hivyo mpimaji asiwe na haraka. Polipi haihami. Dopla ya rangi, yaani sehemu ya altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, ikionyesha damu inaingia ndani ya kitu hicho, basi si tope. Damu isipoonekana bado haijathibitisha lolote, kwa sababu mishipa ya polipi ndogo ni myembamba mno.

Hizo milimita 3 zilizoongezeka zisikutishe bado. Mashine mbili na mikono miwili hutofautiana kwa kiasi hicho bila kinyama kukua. Mwongozo tuliotaja unaanza kuhesabu ukuaji wa milimita 2 au zaidi ndani ya miaka miwili, lakini hesabu hiyo ina maana pale tu vipimo vinapolinganishwa kwa njia moja: picha za zamani zifunguliwe, na kipimwe kipenyo kilekile.

Sasa swali lako. Mawimbi ya altrasaundi ya kawaida hupita ngozi, mafuta na ini, tena hukwepa gesi ya utumbo, kwa hiyo hutumia masafa ya chini, takriban megahezi 2 hadi 5, yanayofika mbali lakini kwa picha isiyo na undani mwingi. Endoskopi yenye altrasaundi ni mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni, wenye kitoa mawimbi kwenye ncha. Ncha ikifika mwisho wa tumbo la chakula au mwanzo wa duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo unakuwa jirani kabisa. Hapo masafa ya megahezi 5 hadi 12, na kwenye mashine nyingine hadi 20, yanatosha kuonyesha tabaka za ukuta moja moja.

Polipi ya kolesteroli huonekana ikiwa na nukta ndogo nyeupe zinazong'aa, moja moja au zilizokusanyika, shina jembamba, na uso wenye chembechembe kama tunda la forosadi. Adenomiomatosi, yaani ukuta ulionenepa na kujichimbia vishimo, huonyesha vijifuko vidogo vyeusi ndani yake, au mstari mweupe unaofifia nyuma ya kolesteroli iliyonasa humo. Kisipoonekana hata kimoja kati ya hivyo, wasiwasi unaongezeka. Adenoma huwa na nyama ya rangi moja iliyoshiba, bila nukta wala vijifuko. Kitu kisicho na shina, chenye maeneo meusi katikati, kikiwa kimevuruga tabaka za ukuta chini yake, kinatiliwa shaka ya saratani.

Pamoja na uwezo huo, kipimo hiki hukosea. Polipi kubwa ya kolesteroli inaweza kupoteza nukta zake ikafanana na adenoma. Polipi iliyo chini ya milimita 10 ni ngumu zaidi kuitambua aina. Jiwe au tope likijaa mfukoni hufunika ukuta. Ndiyo maana mwongozo huohuo haukifanyi kipimo hiki kuwa cha kila mgonjwa. Unakiacha kwa vituo vyenye wataalamu waliokizoea, pale uamuzi unapokuwa mgumu.

Kwako maoni yetu ni haya. Kipimo cha marudio kikithibitisha milimita 10 au zaidi, na mwili wako unahimili upasuaji, kutoa mfuko ndiyo njia inayoshauriwa, na safari ya endoskopi inaweza kukuchelewesha bila kubadilisha uamuzi. Ikibaki 6 hadi 9 na huna kihatarishi, utafuatiliwa. Kipimo kinapata thamani yake kubwa pale moyo au mapafu yanapofanya upasuaji kuwa hatari: kukuta nukta au vijifuko dhahiri kunaweza kuwapa madaktari sababu ya kukufuatilia badala ya kukupasua. Polipi ikikaribia milimita 20 hatusubiri. Hiyo hutazamwa kama saratani mpaka ithibitike vingine, na CT-Scan hufanywa kabla ya upasuaji.

*Nafanya altrasaundi katika kituo cha afya, wilaya ya Manyoni. Niandike nini ili rufaa yangu imsaidie mgonjwa?*

Usiishie kwenye "polipi imeonekana". Andika idadi, kipenyo cha kubwa kuliko zote kwa milimita, kama ina shina au imekaa bapa, iko kitakoni, katikati au shingoni mwa mfuko, unene wa ukuta ulio jirani, kama ilihama mgonjwa alipogeuzwa, kivuli, damu kwenye dopla, na saa alizofunga. Mgonjwa akiwa mwembamba, jaribu proba bapa ya masafa ya juu unayotumia kwa shingo na mishipa. Kitako cha mfuko huwa karibu na ngozi, na mara nyingine nukta za kolesteroli utaziona hapohapo bila kumsafirisha mtu. Kwa mgonjwa wa selimundu, fikiria kwanza jiwe au tope.

*Mama yangu, miaka 66, Chamwino, ana kisukari na anatumia aspirini. Ameandikiwa endoskopi yenye altrasaundi. Tujiandaeje, na je, watakata kinyama?*

Kwanza, daktari wake aulize kwa simu kama hospitali anayompeleka, iwe Benjamin Mkapa hapa Dodoma au ya Dar es Salaam, ina kifaa chenye altrasaundi na mtu wa kukitumia wiki hiyo. Endoskopi ya kawaida ya tumbo ni kipimo kingine na haiuoni mfuko wa nyongo.

Atakaa bila chakula saa 6 hadi 8. Siku hiyo asinywe vidonge vya kisukari wala kuchoma insulini kama kawaida bila maelekezo, maana sukari inaweza kushuka akiwa amefunga. Ombeni zamu ya asubuhi. Aspirini kwa kawaida haisimamishwi kwa kutazama tu, lakini asifiche dawa yoyote anayotumia. Atapewa dawa ya usingizi, kwa hiyo aende na mtu wa kumsindikiza, na kama ni Dar es Salaam, alale huko usiku mmoja kabla ya kupanda treni au basi. Koo kuwasha siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, au kutapika damu: arudi hospitali saa hiyohiyo.

Kinyama chenyewe hakikatwi. Mfuko wa nyongo una ukuta mwembamba. Ukitobolewa, nyongo huvuja tumboni, na kama ni saratani, chembe zake huweza kusambaa. Jibu la uhakika hupatikana mfuko mzima unapotolewa na kupelekwa maabara ya patholojia ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, yenye ujazo wa takriban mara kumi ya nyama hiyo. Wakifanya upasuaji, ulizeni kabla hamjaruhusiwa: mfuko umepelekwa maabara gani, na majibu yatachukuliwa lini na nani.