Raba ya chujio la maji ya bahari: pima mfereji

Kaka, umeuliza kuhusu injini ya boti yako inayochemsha, na mapovu unayoyaona ikiwaka kwenye kibakuli cha chujio, lile linalonasa takataka kabla maji ya bahari hayajaenda kupoza injini. Mimi ningeanza na raba ya mfuniko wa chujio kabla ya kufungua pampu inayovuta maji hayo. Chujio likikaa juu ya usawa wa maji, raba mbovu haivujishi, inafyonza hewa. Ndiyo maana ngamani, chini kabisa ndani ya boti, hukuti hata tone.

Usiipeleke dukani raba ya zamani wakutafutie inayofanana nayo. Imeshalala bapa kama chapati. Pima mfereji wenyewe inamokaa raba: kipenyo, upana na kina. Raba mpya ichomoze kidogo juu ya kingo ili mfuniko uibane. Chukua ya mpira wa nitraili au neoprini. Ya EPDM, mpira wa aina nyingine, nayo inastahimili maji ya chumvi, ila grisi ya kawaida huivimbisha, hivyo ipake ya silikoni tu. Gasketi ya karatasi waachie wa magari.

Funga kwanza koki inayoingiza maji ya bahari botini! Sugua chumvi mferejini kwa mswaki, kisha kaza nati za masikio kwa vidole, si kwa spana. Mimi nilishapasua kibakuli hivyo, Jumapili, katikati ya hori la Mtwapa.